Kadi Tatu za Salamu

Shule ya Wasichana, Songea
14 Julai 2002

Kaka Dastan mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya mwezi huu imetukaba. Tunaingia darasani na kanga mbili mabegani mpaka mwalimu wa zamu atukemee.

Ndani ya bahasha hii utakuta habari niliyokuahidi. Nimeandika juu ya baba. Mambo hayo wewe unayajua kwa sababu mama zetu ni ndugu, lakini msomaji hayajui, kwa hiyo nimeanza mwanzo: kwamba baba yangu, Anselmo, aliondoka nyumbani mwaka 1995 kwenda Tunduru kuchimba vito, mimi nikiwa darasa la tatu, kwamba mwaka uliofuata dereva wa lori alileta habari kuwa shimo limetitia na yeye yumo ndani, kwamba hatukuletewa mwili, tukazika koti lake. Nimemaliza kwa kusema namwombea apumzike. Mwalimu Judica, anayetufundisha Kiswahili, amesahihisha. Amesema sentensi ya mwisho ni njema kwa sababu haina mapambo.

Sasa naomba unieleze jambo moja. Gazeti mtu huliona likining'inia kwa muuzaji, akalinunua. Huo ukurasa wa kwenye intaneti haupigi kelele. Watu watajuaje kwamba habari yangu ipo? Hapa shuleni hakuna aliyewahi kuuona, hata mwalimu wa hesabu.

Ulisema Bwana Brayson, mwenye ukurasa huo, atawapa safu ya kila wiki waandishi wawili watakaosomwa kuliko wengine kufikia mwisho wa Septemba. Ningependa mmoja awe mimi. Sijamwambia mtu mwingine maneno haya.

Mdogo wako,
Adela


Kariakoo, Dar es Salaam
27 Julai 2002

Mdogo wangu Adela, mwandishi wetu wa Kusini,

Marahaba. Habari yako nimeichapa yote, sikula hata koma moja. Chini ya ukurasa pana kihesabio kinachoonyesha wangapi wamefungua. Siku saba zimepita na kinasema kumi na tisa. Usishangilie. Saba ni mimi.

Nisikilize basi, maana kuandika ni nusu ya kazi. Hapa kafe ya intaneti ninakofanya kazi tuna kompyuta sita. Asubuhi, kabla wateja hawajaingia, nimezipanga zote, ukiwasha tu inaanza habari yako. Jana mzee mmoja alikuja kutafuta matokeo ya mpira, akasoma aya mbili, akaniita: "Kijana, huyu Anselmo anachezea timu gani?"

Halafu karatasi zinazoharibika kwenye printa huwa nampa Bi Halima, muuza vitumbua hapo nje, afungie. Juzi nilitoa nakala ishirini za aya zako za kwanza tu, nikajifanya zimeharibika. Mtu anamaliza kitumbua, anasoma karatasi yenye mafuta, anafika pale shimo linapotitia, karatasi imekwisha! Watatu wameingia ndani kuuliza ikawaje. Bi Halima ananilalamikia: "We Dastan, wateja wangu sasa wanachagua karatasi, kitumbua hawakitazami!"

Lakini ugonjwa uko kwenye kichwa cha habari. "Mahali Alipochimba Baba." Kimetulia mno, kama kichwa cha somo la jiografia. Na mwisho wake unajibu kila kitu. Mtu akishaambiwa amekufa, afungue kutafuta nini? Ukate mwisho, uweke swali: "Je, Baba Yangu Yu Hai?" Ni mbinu tu, waandishi wote wa humu wanafanya hivyo. Ukikubali, niandikie nibadilishe.

Na huko utafute njia zako. Mimi siwezi kugawa vitumbua Songea.

Kaka yako,
Dastan


Shule ya Wasichana, Songea
6 Agosti 2002

Kaka Dastan,

Badilisha. Ile sentensi ya mwisho itoe. Nilidhani nitafikiri sana juu ya jambo hili, lakini nilipofika kwenye swali lako nilijibu moyoni kabla sijamaliza kusoma mstari. Mwalimu Judica sijamwonyesha.

Njia zangu ni hizi. Nimekata karatasi ndogo themanini, nimeandika anwani ya ukurasa kwa wino mwekundu, na nimezichomeka katika vitabu vya maktaba, kwenye zile kurasa ambazo mitihani hutoka. Getruda, anayelala kitanda cha juu yangu, ametoa wazo kubwa zaidi. Yeye ni mwanachama wa klabu ya watuma salamu. Wananunua kadi, wanaandika majina ya watu wanaowasalimu, na chini kabisa pana mstari wa ujumbe. Redioni mtangazaji husoma yote, mpaka ujumbe na anwani ya mtumaji. Wengi huandika "Mvumilivu hula mbivu" au "Pendaneni." Getruda ananiambia, "Mstari ule ni bure, dada, na nchi nzima inasikiliza. Wewe unaandika methali ya nini?"

Nimenunua kadi tatu. Zote nimeandika maneno yale yale: Adela Anselmo wa Shule ya Wasichana Songea anawasalimu wanafunzi wote wa kidato cha tatu, Bi Halima wa vitumbua Kariakoo, na baba yake, Anselmo, aliyekwenda Tunduru mwaka 1995, popote alipo. Ujumbe: Je, baba yangu yu hai? Soma habari yake kwenye intaneti. Kisha anwani ya ukurasa.

Unaonaje, jina la baba libaki? Getruda anasema "popote alipo" huwafanya watu waongeze sauti ya redio.

Adela


Nyumbani, Songea Vijijini
11 Agosti 2002

Mwanangu Adela,

Natumaini unasoma na unakula. Mahindi tumeshapukuchua, tumepata ya kula na ya kuuza kidogo.

Nakuandikia neno ambalo ningetaka kukuambia tukiwa tumekaa, lakini likizo iko mbali. Mimi na Otto tumekubaliana kufunga ndoa kanisani. Wewe unamjua Otto, unajua hana makelele, unajua useremala wake ndio uliokupeleka shule. Mwaka wa pili sasa tunaishi naye bila baraka. Kila Jumapili wenzangu wanainuka kwenda kupokea Komunyo, na mimi nabaki kwenye benchi nawapishia miguu wapite. Nimechoka kuwapishia miguu, mwanangu.

Padri alituuliza habari ya marehemu baba yako, kwa sababu mwili haukuonekana. Baba yako mkubwa Tadei amekwenda parokiani, ameshika Biblia, ameapa kwamba mdogo wake amefariki. Amefanya hivyo kwa kunihurumia, maana yeye naye alisikia tu kwa yule dereva wa lori. Padri amekubali. Ndoa itatangazwa Jumapili tatu za Septemba, tarehe moja, nane na kumi na tano. Harusi ni Jumamosi tarehe 21.

Wewe ndiye mkubwa kati ya wanangu. Nataka neno lako kabla ya tangazo la kwanza.

Mama yako,
Rosemary


Shule ya Wasichana, Songea
21 Agosti 2002

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifika. Nimefurahi kwa ajili yako na kwa ajili ya Baba Otto. Msalimie sana, pia wadogo zangu. Nitaomba ruhusa kwa mkuu wa shule nije tarehe 20.

Masomo yanaendelea vizuri. Katika jaribio la Kiswahili nimekuwa wa pili.

Mwanao,
Adela


Shule ya Wasichana, Songea
21 Agosti 2002

Kaka Dastan,

Naandika kwa haraka, kengele ya kujisomea jioni imeshalia. Mama anaolewa kanisani mwezi ujao. Nimemwandikia kwamba nimefurahi.

Kadi zote tatu zilikuwa bado kwenye dawati langu kwa sababu sikuwa nimepata nafasi ya kwenda mjini. Leo tumeruhusiwa. Barua ya kwenda kwa mama na kadi za redio nimezitumbukiza katika sanduku moja, kwanza barua, halafu kadi. Getruda aliniuliza mbona nimesimama pale muda mrefu.

Jina la baba nimeliacha.

Adela


Nyumbani
9 Septemba 2002

Adela,

Juzi Jumamosi saa kumi jioni tulikuwa nyumbani, Otto anapiga randa mbao za kitanda cha watu, redio iko dirishani. Tulisikia jina lako. Wadogo zako walishangilia, "Dada! Dada yuko redioni!" Kisha tukasikia jina la baba yako, na "popote alipo," na swali lako.

Kijiji kizima kilisikia. Saa hiyo hakuna nyumba isiyosikiliza salamu. Nilipokwenda kisimani, Paskalina aliniambia mbele ya wanawake, "Rosemary, harusi yako ni ya wanaume wangapi? Mmoja unampikia, mwingine yuko njiani kutoka Tunduru?" Walicheka wote. Hata mimi nilicheka, maana ningefanya nini?

Jana tangazo la pili halikusomwa. Baada ya Misa, katekista Raphael alituita nyuma ya kanisa. Alisema, "Mama, Padri amesema hivi: binti wa marehemu mwenyewe anamsalimu baba yake na anaiuliza nchi kama yu hai. Sisi tutafungishaje ndoa juu ya swali?" Baba yako mkubwa Tadei alikuwa amesimama pale. Mzee mmoja wa baraza la kanisa akamuuliza aliapa kwa macho yapi. Tadei ni mtu wa miaka sitini na tatu, Adela. Alivaa kofia yake akaondoka, na leo hajatoka nje.

Sikuulizi kwa nini. Nimesikia kuwa ni namna ya kuwavuta watu wasome maandishi yako. Sikujua kwamba watu huvutwa kwa mtu wao aliyekufa.

Padri anataka barua yako. Uandike kwa mkono wako kwamba unajua baba yako amekufa na kwamba maneno ya redioni yalikuwa mchezo. Iletwe kabla ya Jumapili. Basi la asubuhi linaweza kuileta, mpe kondakta.

Mama yako


Kariakoo, Dar es Salaam
12 Septemba 2002

Adela wee!

Elfu moja mia moja na arobaini! Nimehesabu mara mbili nikidhani kihesabio kimeharibika. Kadi yako imesomwa Jumamosi, na Jumatatu watu wamejaa hapa kafe, wengine hawajui hata kushika kipanya, wanasema, "Tufungulie yule msichana anayemtafuta baba yake." Bi Halima tangu asikie jina lake redioni amefunga kanga mpya, anajiita mtu maarufu.

Wengine wanaacha maneno chini ya habari. Mama mmoja wa Morogoro ameandika kuwa amefunga siku tatu kukuombea. Bwana Brayson amesema safu ni yako, mwezi hata haujaisha. Anataka sehemu ya pili, na amesema usijibu swali. Endelea kulizungusha tu, ukijibu wanaondoka.

Nilijua una kipaji, lakini sikujua una ujasiri namna hii. Ile "popote alipo" imeniliza hata mimi ninayejua mambo yalivyo.

Kaka yako mwenye fahari,
Dastan


Shule ya Wasichana, Songea
17 Septemba 2002

Kaka Dastan,

Rudisha kichwa cha kwanza na sentensi ya mwisho. Harusi ya mama imesimamishwa kwa sababu ya kadi yangu. Baba mkubwa Tadei anaitwa mwongo.

Andika juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba mwandishi anaomba radhi, familia yake ilishaomboleza tangu mwaka 1996. Safu ya Bwana Brayson sitaiandika.

Mama anataka nimwandikie Padri kwamba najua. Siku ya mwisho aliyotaja ilikuwa juzi. Nimeianza barua hiyo mara nne. Wewe uliniambia ni mbinu, na mimi nikakuachia uamini hivyo. Kaka, aliyeona ni nani? Mimi nilizika koti. Nililikunja mwenyewe, mifuko yake ilikuwa mitupu.

Adela


Namasakata, Tunduru
19 Septemba 2002

Kwa binti Adela Anselmo,

Assalaam alaykum. Mimi hunijui. Naitwa Swalehe Daimu, mkulima wa korosho hapa Namasakata, na zamani nilikuwa mchimbaji. Siku ile nilikuwa juu ya mkorosho napunguza matawi, redio iko chini, nikasikia salamu zako. Nilishuka, nikawauliza walionizunguka kama nimesikia sawasawa. Anwani yako aliyeishika ni mke wangu.

Mimi na marehemu baba yako tulichimba shimo moja kwa miezi minane, kando ya mto Muhuwesi. Binti yangu, uniwie radhi kwa neno la marehemu. Umeuliza, na sina haki ya kukuacha unauliza.

Ilikuwa Februari 1996, mvua nyingi. Yeye alikuwa chini anajaza ndoo, mimi na wawili wengine tuko juu tunavuta kamba. Ukuta wa upande wa mto ukatitia wote. Tulifukua siku mbili kwa majembe na kwa mikono. Siku ya pili alasiri tulimfikia kichwa na mabega. Alikuwa ameshafariki. Nilimwosha uso kwa maji ya dumu. Alikuwa na kovu dogo kwenye kidevu, alisema alianguka na baiskeli siku ya ubatizo wako. Maji ya mto yalikuwa yanapanda na ukuta wa pili unadondoka, tukashindwa kumtoa. Tulimfukia hapo hapo alipokuwa. Mimi ni Mwislamu, sikujua dua za kwenu. Nilisoma za kwetu. Kama nilikosea, Mwenyezi Mungu anajua nia yangu.

Tulimpa habari dereva wa lori kwa sababu hatukuwa na anwani. Marehemu alisema "kwetu Songea" basi. Alikuwa na barua yako moja isiyo na anwani, uliyomwandikia ukiwa mdogo. Ulimwagiza baiskeli, viatu, na simba wa kufuga. Tulimtania kambini kila siku: "Anselmo, simba wa mtoto umeshampata?" Naye alijibu kwamba anatafuta mwenye adabu.

Ukihitaji nieleze haya mbele ya mtu yeyote, nitakwenda. Mimi niliona.

Wako katika majonzi,
Swalehe Daimu


Kariakoo, Dar es Salaam
28 Septemba 2002

Mdogo wangu,

Nimebadilisha yote siku ile ile barua yako iliponifika. Bwana Brayson amekasirika, mwache akasirike. Maneno ya kuomba radhi nimeyaweka juu kabisa kwa herufi kubwa. Yamesomwa na watu ishirini na watatu. Nimezipanga tena kompyuta zote sita zianzie hapo, lakini watu wanapita tu. Nimempa Bi Halima nakala, amefungia vitumbua siku mbili. Hakuna aliyeingia kuuliza.

Nilipokuambia ukate mwisho, nilikuwa nafikiria kihesabio. Sikufikiri kwamba ule mwisho hukuwa umeumaliza wewe mwenyewe. Nisamehe.

Mwandikie mama mdogo. Hata kama hujui cha kusema.

Dastan


Shule ya Wasichana, Songea
18 Oktoba 2002

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Mzee Swalehe Daimu wa Namasakata. Naomba uisome ukiwa umekaa, Baba Otto akiwa karibu, kisha umpelekee Padri na umwonyeshe baba mkubwa Tadei. Aliapa kweli.

Mama, nina mambo mawili ya kukiri. La kwanza: barua yako ya kuniambia habari ya ndoa ilinifika kadi zikiwa bado mikononi mwangu. Nilizituma nikiwa nimeshajua. Haikuwa mchezo wala njia ya kuvuta wasomaji tu, ingawa niliwaambia watu hivyo, hata mimi mwenyewe nilijiambia. Nilitaka kama yupo asikie. Nilifikiri nchi nzima ikiulizwa kwa pamoja, mtu mmoja atajibu.

La pili: aliyejibu alinifikia tarehe 30 Septemba. Nimekaa na barua hii siku kumi na nane. Nilijua nikikupa, wewe utaolewa na yeye atakuwa amekufa, vyote kwa bahasha moja. Kila jioni niliisoma nikitafuta kosa. Mwalimu Judica ametufundisha kwamba maelezo ya uongo hujipinga yenyewe mahali fulani, ukisoma kwa utulivu. Nilikagua tarehe, mvua, kamba na mto. Nilisema labda ni Anselmo mwingine. Kisha nikafika kwenye kovu la kidevu, na kwenye simba. Simba huyo sikumwambia mtu yeyote isipokuwa yeye.

Padri alitaka niandike kwamba najua. Mwezi uliopita sikuweza kwa sababu ingekuwa uongo, na nilikuwa nimeshasema wa kutosha. Sasa karatasi ya pili humu ndani ni yake. Nimeandika mstari mmoja: Mimi, Adela, najua kwamba baba yangu Anselmo alifariki Tunduru, Februari 1996. Nimetia sahihi.

Najua tarehe 21 Septemba ilipita.

Mwanao,
Adela


Nyumbani
17 Novemba 2002

Mwanangu Adela,

Barua zako mbili zilifika. Nilisoma nimekaa, kama ulivyosema. Padri naye alisoma, akasema anahitaji kiapo cha aliyeona. Tulimwandikia Mzee Swalehe, naye akasafiri mpaka Tunduru mjini akaapa mbele ya hakimu. Karatasi yenye mhuri ilitufikia wiki iliyopita. Hakutaka tumrudishie hata nauli. Aliomba tu tumwombee msamaha kwa dua alizosoma. Padri alisema hakuna cha kusamehe, na Jumatano alisoma Misa kwa ajili ya baba yako. Otto alichonga msalaba mpya, tumeuweka pale lilipo koti.

Baba yako mkubwa Tadei nilimpelekea barua mwenyewe. Alisoma, akairudisha, akasema ameiona. Kanisani bado haji. Ukija likizo utakwenda kwake kwa miguu yako, ukapige magoti. Yeye huwezi kumwandikia.

Mwezi ule uliokaa kimya nilitaka kuja shuleni nikukamate. Otto ndiye aliyenizuia. Alisema, "Mwache, anamzika." Sikuelewa, nikamgombeza.

Leo jina langu na la Otto yamesomwa upya, tangazo la kwanza. Majilio yatatukuta katikati na parokia haifungishi ndoa wakati huo, kwa hiyo itakuwa Jumamosi tarehe 28 Desemba, baada ya Noeli. Utakuwapo.

Sasa na mimi nikuambie langu, maana umeniambia yako mawili. Siku ile redio ilipolitaja jina la baba yako, watu watakuambia nilipiga kelele. Sikupiga. Kabla hasira haijanifikia niliinuka nikaenda mlangoni, nikatazama njia inayoingia kutoka barabarani. Nilisimama hapo mpaka zikasomwa salamu za watu wengine wawili. Niliporudi ndani Otto alikuwa ameshazima redio na ameendelea na randa yake. Hakuniuliza nilikuwa natazama nini, na mpaka leo hajauliza.

Na leo asubuhi, pamoja na kiapo, pamoja na mhuri wa hakimu, Padri alipomaliza kusoma majina yetu aliuliza kama yupo mwenye kujua kizuizi aseme. Otto alikuwa kando yangu ameshika kofia. Mimi niliinamisha kichwa, Adela, nikasikiliza kama yupo atakayesema.

Hakusema mtu.

Mama yako,
Rosemary